Karatasi ya Mizani Haivutwi Nyuma

Karatasi ya mizani haivutwi nyuma. Hilo Mama Mizani alimwambia mwanawe kabla hajamwambia akae, kabla hajamwonyesha pa kutundika koti, kabla hata ya kumsogeza dirishani aione foleni ya malori ya miwa. Alimshika kiganja akakilaza juu ya mashine polepole, kama unavyomshikisha mtu kichwa cha mtoto mchanga.

"Ikikwama, usivute. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nimesema nini?"

"Nisivute."

"Basi usije ukavuta."

Kitinda, ndivyo walivyomwita tangu utotoni kwa kuwa alikuwa kitindamimba, alikuwa mwanamume mwenye ndevu na sauti nzito, na bado alijibu kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Dirisha la mizani halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu tu, kwa hiyo madereva kwenye foleni walisikia kila neno. Mmoja wao, ambaye wote walimwita Honi kwa sababu mkono wake haukujua kutulia kwenye usukani, akasema kwamba hata yeye ameyasikia mafundisho, na kuanzia leo ameacha kuvuta, mpaka sigara. Wakacheka. Kitinda naye alicheka kidogo kwa adabu, halafu akafuta jasho la mikono kwenye suruali.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha matofali, kando ya lango la kiwanda cha sukari, kina meza moja, kiti kimoja na ile printa. Lori likipanda kwenye bamba la chuma pale nje, uzito unaonekana kwenye kisanduku cha ukutani, na printa inaupiga kwenye karatasi yenye nakala tatu: ya juu ya dereva, ya katikati ya kiwanda, ya chini ya mwenye shamba. Haikuwa printa ya siku hizi inayotema wino kimya kimya. Ilikuwa ile ya zamani inayogonga. Ndani ya kichwa chake mna vijisindano vyembamba kuliko pini, vinaupiga utepe wenye wino, utepe unaipiga karatasi, na kaboni iliyo kati ya nakala inalipeleka pigo mpaka nakala ya chini kabisa. Karatasi zinakaa kwenye boksi chini ya meza, mkunjo juu ya mkunjo, zimeungana kama mkanda mmoja mrefu, na pembeni kote zina matundu. Mashine inazipandisha kwa vijimeno vinavyoingia kwenye matundu hayo, moja baada ya jingine, kama mtu anayepanda ngazi.

Mama Mizani alikuwa ameikalia mashine hiyo tangu Kitinda akiwa wa kubebwa mgongoni, mpaka jina lake la ujana likasahaulika. Sasa macho yalikuwa yanamwacha. Kiwanda kilikuwa na desturi yake: anayeondoka kwa uzee huruhusiwa kuacha mtu wa damu yake kwenye kiti chake, akae msimu mmoja kwa majaribio. Akiumaliza msimu bila doa, kiti ni chake. Watu waliita desturi hiyo kurithi kiti, na wako waliorithi wakajenga, wakaoa, wakazeeka humo humo.

Lakini siku alipokwenda kumwandikisha mwanawe, Msimamizi wa lango alimwita pembeni. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno machache, asiye na ubaya na mtu. Akamwambia kwamba kule lango la pili wameshafunga mizani mpya, inayotuma uzito yenyewe mpaka ofisini, haitaki karatasi wala mtu wa kukaa. Lango hili limeachwa kama lilivyo kwa sababu printa bado nzima.

"Printa hiyo ikifa, mama, hatununui nyingine. Dirisha linafungwa. Sikutishi, nakwambia tu ujue."

Na Fundi, yule aliyekuwa akija kuisafisha, alikwisha sema siku nyingi kwamba vichwa vya aina ile havitengenezwi tena popote. Anacho kimoja kibovu, cha kung'olea sindano moja moja ikitokea dharura, basi.

Hapo ndipo roho ya Mama Mizani ilipoanza kuning'inia. Maana alikuwa na watoto wawili tu wa kiume, na mkubwa alikwisha mpoteza. Hakufa, ama kama alikufa hakuna aliyemwambia. Alipanda lori la wale wanaokusanya vijana kwenda machimboni, akapunga mkono kutoka juu ya mizigo, na mkono huo ndio ulikuwa wa mwisho kuonekana. Kitinda alikuwa amejaribu gereji, akafukuzwa kwa kukata bolti. Akajaribu useremala, akapasua mbao ya mteja. Akakaa nyumbani mpaka ukuta ukamzoea. Jioni alikuwa akisimama njia panda kutazama lori lile likipita, na mama yake alikuwa akisimama mlangoni kumtazama yeye. Kiti cha mizani ndicho kilichokuwa kimebaki kati ya mtoto huyo na lori. Kiti kikienda, na mtoto anakwenda.

Basi akamfundisha. Alimfundisha kuliweka boksi la karatasi sawasawa na mdomo wa mashine, maana karatasi ikipanda upande upande matundu yanachanika na vijimeno vinakamata hewa. Alimfundisha asiikaze karatasi kati ya vijimeno vya kulia na vya kushoto ikawa kama ngozi ya ngoma, iwe na ulegevu kidogo, ipumue. Kile kijiti cha ubavuni kinachosogeza kichwa mbali na karatasi, kwa nakala tatu lazima kirudishwe nyuma, la sivyo sindano zinagonga karibu mno na ipo siku moja itanasa. Kirungu cha kuzungushia rola, ule mche wa mpira unaobeba karatasi, kisiguswe umeme ukiwa umewashwa, kwa sababu ndani giya zinashindana na mkono wako, na giya ndizo zinazoshindwa. Na karatasi ikibidi itoke, hairudishwi ilikotoka, hata kama ndiyo njia fupi. Inakatwa kule nyuma inakoingilia, halafu kipande kilichobaki ndani kinasogezwa mbele kwa kitufe mpaka kitoke chenyewe. Ukikirudisha kwa nguvu, nakala zinaachana, kaboni inajikunja, na kijipande kinabaki mahali jicho halifiki.

Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Ila aliyasema asubuhi, akayasema mchana, akayasema njiani wakirudi, akayasema Kitinda akiwa na tonge mdomoni. Akimwona ananyoosha mkono tu kuchukua kalamu, alishtuka, "Taratibu." Akimwona ametulia, alimuuliza anawaza nini, asije akawa anawaza kuvuta. Madereva wakapata wimbo. Lori likikwama kwenye tope wanaambiana, "Usivute, nasema usivute," na wengine wanaitikia, "Nimesikia, mama."

Mama huyu alikuwa ameshika methali moja maisha yake yote, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kitinda akiwa mdogo alivunja chemni ya taa, na mama yake akamsimamisha mbele ya wageni aeleze mwenyewe jinsi alivyoivunja, alikuwa anakimbilia wapi na macho yake yalikuwa wapi. Wageni walicheka, kwa wema tu. Tangu hapo kitu kikivunjika nyumba ile hakisikiki. Kikombe kinakutwa chini ya godoro kimefungwa kwenye fulana. Redio inakutwa imekufa, imepanguswa vumbi vizuri, imerudishwa pale pale. Mama Mizani aliita hiyo kiburi.

Siku moja, zikiwa zimebaki chache za yeye kukabidhi ufunguo, alichelewa kutoka kwa mhasibu, akapitia nyuma ya malori na kusimama nyuma ya gurudumu ili amwone mwanawe bila yeye kujua. Karatasi ilikuwa imekwisha kwenye boksi na Kitinda alikuwa anaweka nyingine. Alikata mkia wa zamani kule nyuma. Akabonyeza kitufe, akangoja, kipande kikatoka chenyewe kama ulimi. Akalivuta boksi jipya kwa mguu, akainama kulinyoosha, akachukua ukingo wa karatasi kwa ncha za vidole akaulaza kwenye vijimeno upande huu, halafu upande huu, akafunga vifuniko, akiimba wimbo fulani puani. Mkono ule ule uliokata bolti. Mama yake alisimama pale na machozi yakamlenga, maana hakuwahi kumwona mwanawe akifanya kitu taratibu namna ile.

Angegeuka akaenda zake. Badala yake alitokeza kichwa, akamwambia kwa sauti ya upendo kabisa kwamba boksi limepinda. Kitinda aliruka kama aliyechomwa, na ukingo wa karatasi ukachanika tundu moja.

"Unaona?" alisema mama.

Siku ya kukabidhi ikafika. Akaacha ufunguo, akaacha kitambulisho, na tangu hapo hakuruhusiwa tena kuingia ndani ya kibanda, alisimama nje ya wavu kama dereva. Lakini chakula cha mchana alimpelekea mwenyewe kila siku, ijapokuwa pale pale langoni palikuwa na mama wa kuuza chakula. Alikuwa akifika, anainamisha kichwa kwenye wavu, na kabla ya salamu anauliza kama hajavuta.

Yaliyotokea siku ya mvua aliyajua baadaye, lakini bora tuyaseme hapa yalipotokea.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na kibanda kile kilikuwa na unyevu mpaka ukutani. Karatasi ikinywa unyevu huvimba na matundu yake hulegea. Asubuhi hiyo upande mmoja uliteleza kutoka kwenye vijimeno, karatasi ikajikusanya ndani kama nguo iliyovuliwa haraka, ikachanika. Kitinda hakuvuta. Alikata nyuma, akabonyeza kitufe, karatasi ikatoka, yote isipokuwa kijipande kidogo kilichobaki kati ya rola na kichwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kungoja tu: azime umeme, kichwa kipoe, afungue kifuniko, azungushe rola kwa mkono polepole mpaka kijipande kishuke. Na yeye alijua. Nje malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, miwa inalowa, Honi ameukalia mlio wa lori lake. Hata hilo angelivumilia.

Kisha akainua macho akamwona mama yake anakuja. Alikuwa anavuka uwanja wa kiwanda na mfuko wa plastiki kichwani, bakuli la chakula kifuani, anaruka madimbwi. Mama huyo angefika dirishani akiikuta mashine imefunguliwa tumbo, karatasi zimetapakaa sakafuni, na foleni nzima ya madereva ikisikiliza.

Kwenye droo mlikuwa na kisu kidogo cha kukatia kamba za maboksi. Kitinda alikichukua, akakiingiza ncha kati ya rola na kichwa ili akidonoe kijipande kitoke mara moja. Umeme ulikuwa umewashwa. Kijipande kilitoka. Na kichwa, kilipohisi njia imefunguka, kikarudi mbio mahali pake kama kawaida yake, kikapita juu ya ncha ya kisu. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili.

Mama Mizani alipofika dirishani, karatasi ilikuwa inapanda vizuri na mwanawe amekaa wima, jasho linamtoka kwenye baridi.

"Hujavuta?"

"Sijavuta, mama."

"Mashine?"

"Salama, mama."

Akampitishia bakuli chini ya wavu, akarudi nyumbani akishukuru.

Zilipita siku, si nyingi. Mvua zikakatika. Jioni moja Mama Mizani alikuwa anaanika kunde uani, lori la Honi likasimama, na Honi akachungulia na kucheka kwake kwa kila siku. Alimuuliza hali, akamuuliza macho, kisha akamwambia kwamba ile mashine yake imeng'oka jino.

"Namba zote zina mwanya katikati, Mama Mizani. Kama mke wangu wakati wa uchumba. Kwa mke wangu nilipenda. Kwenye uzito wa miwa, sijui."

Alikusudia mzaha tu. Alipoona yule mama ameuacha ungo uanguke na kunde zimemwagika, akazima injini. Akasema labda ni wino umepungua. Akasema mbona hata zamani ilikuwa hivyo. Kisha akamfungulia mlango wa mbele wa lori na kumsaidia kupanda, na njia nzima hakupiga honi hata mara moja.

Mama Mizani hakuhitaji kuona karatasi. Alisikia akiwa bado mbali. Mashine ile ikiwa nzima hulia kama mvua ya mawe kwenye bati, mfululizo, pigo juu ya pigo. Sasa ndani ya mlio huo mlikuwa na kitu kingine, mkwaruzo, kama paka anayetaka kufunguliwa mlango. Alisimama kwenye wavu. Kitinda alimwona, akainama juu ya kalamu.

"Zima," alisema mama.

"Foleni, mama."

"Zima, mwanangu."

Hakupaza sauti. Kitinda akazima. Miwa ikasikika ikisuguana juu ya malori.

"Tangu lini?"

"Siku ile ya mvua."

"Nilikuuliza. Ukasema salama."

"Ulitaka niseme nini?"

Kitinda alikuwa haangalii mtu, alikuwa anang'oa vipande vya karatasi vya matundu kwenye ukingo wa meza na kuvikunja vidogo vidogo. Akasema kwa sauti ya chini:

"Kila asubuhi nilikuwa naamka nasema leo nitamwambia. Nakaa hapa nayapanga maneno. Halafu unafika, hata hujanisalimia, unaniambia nisivute."

Hakuna dereva aliyecheka.

Fundi aliitwa siku iliyofuata. Alikifungua kichwa akakigeuza kwenye mwanga, akapuliza. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, na Mama Mizani nje ya wavu, vidole vyake vimeng'ang'ania waya. Fundi akaeleza bila hasira, kama daktari aliyechoka. Kisu kilipindisha sindano moja. Sindano moja si kitu, angeibadilisha kwa ile aliyonayo, kazi ya kutwa, na msimu ungeisha. Lakini iliyopinda ikawa kila ikirudi inaukwaruza utepe. Utepe ukachanika, nyuzi zake zikaingia kwenye vitundu vya kichwa, zikazikamata sindano nyingine zikiwa njiani, nazo zikapinda. Zilizopinda zikachana utepe zaidi. Sasa hata uso wa kichwa umelika.

"Mngeniita siku ile ile," alisema. "Kwa nini hukusema, ndugu yangu?"

Kitinda hakumtazama Fundi. Alimtazama mama yake, mara moja tu, akashusha macho. Na mama yake, ambaye kwa miaka yote alikuwa amelijua jibu la kila kitu kilichomvunjikia mwanawe mkononi, safari hii alitamani asiambiwe.

Alimfuata Msimamizi mpaka ofisini. Alimwomba amhesabie kosa yeye, kwamba ndiye aliyefundisha vibaya. Akamwomba Kitinda apewe hata kufagia bamba la mizani. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kiti, akamletea maji. Kisha akamwambia kwamba kuharibikiwa angemtetea, kila mtu huharibikiwa. Lakini mtu aliyekaa na kitu kibovu akijibu kuwa ni kizima, huyo hawezi kumpeleka idara nyingine na kusema mchukueni. Akasema na printa imekufa, mama, na mimi nilikwambia. Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, mama huyu angalau angekuwa na mtu wa kumlaumu.

Wakaja mafundi wa mizani mpya, wakatandika waya chini ya bamba, wakaondoa meza, wakaliziba dirisha kwa mbao. Boksi la karatasi lililokuwa halijaisha walilitoa nje, na upepo ukaikunjua ile karatasi uwanjani, ndefu, tupu, na malori yakapita juu yake.

Nyumbani Kitinda alikula alichopewa na kuosha sahani yake. Mama yake hakumgombeza. Alikuwa amejifunza, na kujifunza kwake kulikuwa kama kufunga zizi la mbuzi aliyekwisha liwa. Alijaribu kumuuliza hili na lile kwa upole, Kitinda akamjibu kwa upole, na kati ya upole wao hapakuwa na pa kupenyeza hata sindano. Asiyezoea kuambiwa mambo na mwanawe asidhani ataanza kuambiwa siku anapoyahitaji. Mlango huo hufungwa kidogo kidogo, chemni kwa chemni, kikombe kwa kikombe, na mwenye kuufunga ndiye hasikii ukifungwa.

Halafu asubuhi moja akamkuta mwanawe amefunga begi. Hakuwa na haja ya kumuuliza anakwenda wapi. Walitembea pamoja mpaka njia panda, Kitinda akimshika mama yake mkono penye mitaro. Lori lilikuwa limekwisha fika, vijana wamekaa juu ya magunia, wengine wakiimba, wengine wamejifunika nyuso. Mama Mizani alikuwa na maonyo. Ya kuta za mashimo zinazoanguka baada ya mvua. Ya maji ya kunywa. Ya hewa ya chini, ya kamba zilizochakaa, ya watu wa kuamini na wasioaminika, ya kaka yake. Yalimjaa kinywani kama maji, na akayameza moja baada ya jingine akiona macho ya mwanawe yanayangoja.

"Kikiharibika kitu huko," alisema, "kitu chochote, niambie. Sitasema neno."

Kitinda alionekana kama mtu anayetaka kuamini.

"Sawa, mama."

Sauti ilikuwa ile ile ya siku ya mvua. Akapanda. Kutoka juu ya magunia hakupunga mkono, aliushika tu ukingo wa lori kwa mikono yote miwili, na lori likaenda.

Tofauti na kaka yake, huyu hupiga simu. Majirani humwambia Mama Mizani ana bahati, mwanawe anamkumbuka. Hupiga akauliza habari za macho, akauliza kama kunde zimezaa, akauliza kama Honi bado anapita. Akiulizwa habari za huko, hujibu salama. Anakula? Anakula. Mahali pa kulala? Pazuri. Kazi? Salama, mama. Hata siku mashimo ya huko yalipotangazwa redioni kwamba yameporomoka, alipiga mwenyewe kabla hajapigiwa, akasema upande wao hakuna kitu, salama.

Juzi alipiga tena. Katikati ya maongezi mama yake akasikia kikohozi, kirefu, kizito, cha mtu aliyeigeuza simu pembeni na kuifunika kwa kiganja. Kilidumu. Aliporudi kwenye simu akasema ni vumbi la barabarani tu, amepita lori.

Mama Mizani alikaa na simu sikioni. Hakusikia lori lolote.

"Pole, mwanangu," akamwambia.